Imani ya Watumishi wa Hospitali na Neno la Kila Juma

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na wazee katika mkutano mkuu wa mwaka)



Katibu wetu aliponiandikia barua aliniomba niseme habari za hospitali zetu za Kitui na Makueni, akaongeza ya kuwa wanachama wengi wamechoka kusikia habari za ukosefu wa dawa na za migomo. Mimi nami nimechoka nazo. Kwa hiyo sitasema leo juu ya dawa, wala vitanda, wala majengo, ingawa vyote hivyo vyahitajiwa. Nitasema juu ya kitu kisichouzwa dukani, nacho ni imani: imani ya mtumishi wa hospitali kwa wakubwa wake, na njia ya kuijenga, ambayo ni mazungumzo ya kweli yasiyokatika.

Huenda mzee mmoja akajiuliza, "Jambo hili latuhusu nini sisi? Wakubwa wa hospitali na watumishi wao si wazungumze wenyewe?" Ningependa kumjibu mzee huyo kwa kisa kimoja nilichokiona kwa macho yangu.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa muuguzi wa zamu ya usiku katika hospitali moja ambayo sitaitaja jina, maana wengi waliokuwapo wangali hai, na nia yangu si kumwaibisha mtu. Katika wadi ya watoto tulikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni. Kipimo chake, kile kinachoonyesha kiasi cha hewa iliyobaki, kilikuwa kibovu. Kilionyesha nusu hata mtungi ulipokuwa karibu kwisha. Mwenzangu mmoja, muuguzi kijana, aliliona jambo hilo akaliandika katika kitabu cha ripoti. Hakujibiwa. Baada ya majuma mawili akamwambia Sista msimamizi wa wadi kwa mdomo. Akaambiwa, "Nimekusikia, mwanangu," na habari ikaishia hapo. Hakusema tena.

Usiku mmoja akaja mama amembeba mtoto mwenye nimonia. Alikuwa ametoka mbali, na sehemu ya kwanza ya safari aliifanya kwa miguu. Tulimwekea mtoto oksijeni, na kipimo kilionyesha nusu. Kabla ya jogoo kuwika midomo ya mtoto ilianza kugeuka rangi. Mtungi ulikuwa mtupu. Mlinzi wa lango alikimbia hadi chumba cha upasuaji, akavingirisha mtungi mwingine mpaka wadini, na mtoto akaishi. Asubuhi daktari alikuja na ghadhabu, akauliza, "Kwa nini sikuambiwa?" Yule muuguzi kijana akajibu kwa sauti ndogo, "Mimi nilisema mara mbili, Daktari."

Hapo Sista akafungua saraka yake akatoa nakala ya barua. Alikuwa amekwisha kuiandikia ghala kuomba kipimo kipya, tena siku ile ile aliyoambiwa. Ghala nalo lilikuwa limeipeleka barua kwa mhasibu, na mhasibu alikuwa akingojea idhini. Wazee wangu, kila mtu katika mnyororo ule alikuwa amefanya kazi yake. Aliyekosekana ni mtu wa kurudi nyuma na kusema, "Barua imekwenda, kipimo hakijaja, basi msikitegemee kilichopo." Maneno hayo machache yangalisemwa, tungalijua kuweka mtungi wa pili karibu. Hayakusemwa, na mtoto wa mtu akabaki mikononi mwa miguu ya mlinzi.

Ndiyo sababu nasema jambo hili latuhusu sote. Mgonjwa anayelala katika hospitali ya Kitui, ya Mwingi, ya Wote au ya Makindu halindwi na dawa peke yake. Analindwa na watu ambao hapana budi waambiane jambo lililo kweli, wakati unaofaa, bila hofu. Na mtu asiyeaminiwa, au asiyeamini, hasemi. Hunyamaza, akafanya zamu yake, akaenda nyumbani.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1996 bibi mmoja msomi wa Marekani, Amy Edmondson, alichapisha uchunguzi wake juu ya makosa ya utoaji wa dawa katika wadi za hospitali. Alitazamia ya kuwa wadi zenye uongozi mwema zingekuwa na makosa machache zaidi. Alikuta kinyume chake: wadi zile ndizo zilizoandikiwa makosa mengi. Alipochungua zaidi aliona sababu yake. Katika wadi zenye uongozi mwema watumishi hawakuogopa kusema, "Hapa nimekosa," na hivyo makosa yalionekana yakarekebishwa. Katika wadi za ukali makosa yalifichwa. Wahenga wetu wa Kiswahili walikwisha kusema ya kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo yafaa kwa wadi kama ifaavyo kwa mgonjwa.

Mfano mwingine watoka karibu zaidi nasi. Tangu Oktoba 2007 hadi Septemba 2008 hospitali nane za nchi mbalimbali zilijaribu orodha fupi ya Shirika la Afya Duniani, ya kusomwa kwa sauti kabla, wakati na baada ya upasuaji. Mojawapo ya hospitali hizo ilikuwa ya Mtakatifu Francis, huko Ifakara, Tanzania. Orodha ile haikuleta mashine mpya. Iliwataka watu waliomo katika chumba cha upasuaji watajiane majina na kazi zao, wahakikishe pamoja jina la mgonjwa na mahali pa kupasuliwa, na kila mmoja aseme jambo linalomtia wasiwasi. Matokeo yalitangazwa Januari 2009. Kwa hesabu ya hospitali zote nane pamoja, vifo vilipungua kutoka 1.5 hadi 0.8 katika kila wagonjwa 100, na madhara makubwa baada ya upasuaji yakapungua kutoka 11 hadi 7 katika kila 100. Tazameni, mabwana, nguvu ya kuzungumza kwa mpango. Muuguzi aliyekwisha kutaja jina lake mbele ya daktari mpasuaji humwia rahisi zaidi kufungua kinywa aonapo hatari.

Sasa nije kwenye jambo linalouma zaidi, nalo ni mishahara na ahadi. Nyote mwakumbuka ya kuwa chini ya Katiba ya mwaka 2010 kazi kubwa ya matibabu ilitoka mikononi mwa serikali kuu ikaja kwa serikali za kaunti mwaka 2013. Watumishi wa afya walilala wakiwa na mwajiri mmoja wakaamka wana mwingine. Wengi hawakujua ni nani angewalipa, ni nani angewapandisha cheo, wala malipo yao ya uzeeni yangekuwaje. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule kukawa na mgomo.

Katika mwaka huo huo wa 2013 chama cha madaktari kilitia sahihi mapatano na Wizara ya Afya juu ya mishahara na hali ya kazi. Mapatano yale hayakutimizwa. Serikali za kaunti, ambazo sasa ndizo zilizokuwa waajiri, zilisema hazikuwamo katika mapatano. Miaka ikapita. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa serikali waliacha kazi, na hawakurudi mpaka tarehe 14 Machi 2017, yaani siku 100. Mwezi wa Februari viongozi saba wa chama chao walitiwa gerezani kwa amri ya mahakama, wakatolewa baada ya siku mbili kwa amri ya Mahakama ya Rufani. Madaktari walipokwisha kurudi, wauguzi nao waligoma tarehe 5 Juni 2017, na mgomo wao ukaendelea mpaka tarehe 2 Novemba. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena kwa siku 56, tangu katikati ya Machi hadi tarehe 8 Mei, na moja ya sababu kubwa ilikuwa malipo ya madaktari wanafunzi: mapatano ya mwaka 2017 yalitaja shilingi 206,000 kwa mwezi, na serikali ikataka kuwalipa 70,000.

Sisimami hapa kuhukumu kati ya serikali na vyama vya wafanyakazi. Fedha za umma zina mipaka, nalo tumbo la mtumishi lina haki yake. Ninalotaka mlione ni hili: mtu hakasirishwi na uhaba peke yake. Hukasirishwa zaidi na ahadi iliyoandikwa ikanyamaziwa. Ahadi ni deni, na deni lisilotajwa humfanya mdai aamini ya kuwa mdaiwa amekusudia kumdhulumu, hata kama mdaiwa hana kitu mfukoni. Na mwisho wa ugomvi huo si mwajiri wala mwajiriwa aliyelala chini mbele ya mlango wa wadi uliofungwa. Ni mama zetu na watoto wetu.

Nimewahi kufanya kazi chini ya wakubwa wawili wa namna mbili. Wa kwanza alikuwa mtu mwema, mpole, mwenye kuchukia kuwahuzunisha watu. Mishahara ilipochelewa alituambia, "Wiki ijayo, Mungu akipenda." Wiki ijayo ikafika, akasema vile vile. Mara ya tatu hatukumsikiliza tena, hata alipotuambia mambo mengine yaliyokuwa kweli kabisa. Uvumi ukashika nafasi yake. Watu wa usiku walisikia ya kuwa majina yatapunguzwa. Watu wa mchana walisikia ya kuwa fedha zimeliwa. Hapana lililokuwa kweli, lakini yote yaliaminiwa.

Wa pili hakuwa mpole. Alikuwa mtu wa maneno machache, na wengine walimwona mkavu. Lakini kila Ijumaa saa nane alibandika karatasi moja mlangoni pa ghala, na jioni aliisoma kwa sauti wakati zamu zinapobadilishana. Juu ya karatasi ile paliandikwa anachokijua, asichokijua, na siku atakayosema tena. Nakumbuka juma moja iliandikwa hivi: "Juu ya mishahara sina habari mpya. Nilipiga simu Jumanne na Alhamisi. Nitabandika tena Ijumaa ijayo." Tulinung'unika, lakini tulimwamini. Mishahara ilipochelewa zaidi ya mwezi, hapana mtu aliyetoroka zamu, kwa kuwa tulijua ya kuwa habari ikipatikana itatufikia siku gani, kwa mkono gani. Na yeye alipotuomba jambo gumu, tulimpa.

Wazee wangu, somo hili si geni katika nchi yetu ya Ukamba. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamuru ng'ombe wa Machakos wapunguzwe kwa nguvu. Machakos ya siku zile ilikuwa pamoja na nchi ambayo leo twaiita Makueni. Serikali ilisema ya kuwa ardhi inamomonyoka, na kwa kweli ardhi ilikuwa ikimomonyoka; makorongo yalionekana. Lakini haikukaa na watu ikasikia maana ya ng'ombe kwao. Ilitoa amri, ikachukua mifugo ikauza. Ndipo Muindi Mbingu alipoongoza maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, wakaenda hadi Nairobi wakakaa huko majuma kadhaa wakitaka kusikilizwa na Gavana. Mbingu akakamatwa akapelekwa Lamu. Hata hivyo mwaka ule ule serikali iliacha kupunguza ng'ombe kwa nguvu.

Baadaye, katika miaka ya 1950, milima ile ile ilianza kufunikwa na matuta, na kazi kubwa ilifanywa na vikundi vya mwethya, watu wakichagua viongozi wao wenyewe na kulima shamba la huyu leo na la yule kesho. Ardhi ilikuwa ile ile na jembe lile lile. Katika mara ya kwanza serikali ilikuwa na ukweli juu ya mmomonyoko lakini haikuwa na imani ya watu, na ukweli wake haukusikika. Mkubwa wa hospitali anayeleta kanuni mpya, hata iwe njema namna gani, na alikumbuke jambo hilo.

Tena sisi wa kaunti hizi tuna sifa ya kujua kushauriana. Makueni imetajwa mbali kwa mpango wake wa kuwashirikisha wananchi, unaoanza kijijini ukapanda ngazi kwa ngazi hadi kaunti, watu wakisema wataka bwawa au barabara au zahanati. Ni jambo la fahari. Lakini nauliza: ikiwa twaweza kumwuliza mwanakijiji juu ya mahali pa kuchimba bwawa, mbona ni vigumu kumwuliza mfagiaji wa wadi juu ya maji yanayovuja karibu na kitanda cha mgonjwa? Yeye hupita hapo mara nne kwa siku. Mkubwa hupita mara moja, tena akiwa na haraka.

Fikirini pia juu ya karani wa dirishani. Mwaka 2016 Makueni ilianza mpango wa matibabu ambao kila nyumba ililipa shilingi 500 kwa mwaka. Kitui nayo ilianzisha bima yake mwaka 2018, kwa shilingi 1,000 kwa nyumba kwa mwaka. Halafu tarehe 1 Oktoba 2024 ile bima ya taifa tuliyoizoea iliondoka, ikaja Mamlaka ya Afya ya Jamii. Kila mara mambo yanapobadilika hivyo, mtu wa kwanza kuulizwa na mgonjwa si waziri wala gavana. Ni karani aliye dirishani na muuguzi aliye mlangoni. Ikiwa asubuhi hiyo hakuambiwa lo lote, atajibu kwa kubahatisha, au atajibu kwa ukali ili afiche aibu ya kutojua. Mgonjwa ataondoka akisema ya kuwa watu wa hospitali ni wakorofi. Ukorofi mwingi niliouona madirishani ulikuwa ni kutojua kulikovaa sauti kubwa.

Na nchi yetu ni pana. Kitui peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na watu 1,136,187 kwa hesabu ya mwaka 2019. Makueni ilikuwa na watu 987,653. Muuguzi aliye peke yake katika zahanati ya upande wa Tseikuru au Mutha hamwoni mkubwa wake kwa majuma mengi. Habari zake huzipata katika simu, kwa kundi la WhatsApp, na humo neno la kweli na la uongo huvaa nguo moja. Kisha wapo wahamasishaji wa afya wa jamii, ambao Septemba 2023 serikali iliwatangaza kuwa 100,000 nchini mwote, na ambao posho yao iliwekwa iwe inatoka nusu serikali kuu na nusu kaunti. Mtu mwenye walipaji wawili anahitaji kuambiwa mara mbili. Asipoambiwa, hawezi kwenda nyumba kwa nyumba na moyo mzima.

Basi mkubwa wa hospitali au wa zahanati afanye nini? Nitataja mambo sita, na yote sita hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, aweke siku moja na saa moja ya kusema na watumishi, kila juma, na asiivunje. Siku isiyobadilika ina nguvu kuliko hotuba nzuri ya mara moja kwa mwaka.

La pili, aseme hata asipokuwa na jipya. "Sijui bado" ni habari, mradi ifuatwe na siku ya kusema tena.

La tatu, neno liwe moja kwa wote. Lisiambiwe daktari kwa namna moja, na mpishi, dereva na mlinzi kwa namna nyingine. Watu wa usiku wasiachwe. Wao ndio wasikiao mwisho na kuumia kwanza.

La nne, kila jambo lililoripotiwa lirudishiwe jibu kwa aliyeliripoti, kwa jina lake, hata kama jibu ni kwamba haiwezekani. Kumbukeni kile kipimo cha oksijeni.

La tano, asiadhibiwe mtu kwa kusema ukweli juu ya kosa lake lisilo la kusudi. Mlevi na mwizi wana sheria yao. Lakini aliyekosea kwa uchovu akaja mwenyewe kusema, mpokeeni, kisha tafuteni kilichomchosha.

La sita, sifa itolewe hadharani na lawama faraghani. Nimeona muuguzi wa miaka ishirini ya kazi akikaripiwa mbele ya wagonjwa kwa jambo dogo, na tangu siku hiyo mikono yake ilifanya kazi lakini kinywa chake kilifungwa.

Najua yatakayosemwa kunipinga. Mtu atasema, "Mazungumzo hayalipi karo ya shule." Ni kweli, tena ni kweli kabisa. Mkubwa anayetumia maneno matamu ili kuahirisha malipo anawatendea watu ubaya mara mbili, na sitaki hotuba yangu imsaidie mtu wa namna hiyo. Mshahara ni mshahara. Katiba yetu katika kifungu cha 41 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini, na haki hiyo hailipwi kwa mikutano. Nisemalo ni kwamba palipo na uhaba, ukweli wa kila juma huwafanya watu waubebe uhaba pamoja. Na pasipo na ukweli, hata mshahara ukija kwa wakati watu huuhesabu mara tatu.

Mwingine atasema, "Mambo ya ofisi yana siri." Naam, ugonjwa wa mtu ni siri, na jina la mtumishi aliye katika mashtaka ni siri mpaka shauri limalizike. Lakini tarehe ya mishahara si siri. Idadi ya glavu zilizobaki ghalani si siri kwa mtu anayetakiwa kuzivaa.

Nimalize kwa sehemu yetu sisi, maana nisingependa mwondoke hapa mkidhani ya kuwa kazi yote ni ya wengine. Wazee kadhaa waliomo humu wamewahi kukaa katika kamati za zahanati na bodi za hospitali. Tangu sheria ya mwaka 2023 juu ya mapato ya vituo vya afya, hospitali za umma zina ruhusa ya kuweka na kutumia fedha zinazozikusanya. Ni sheria njema, lakini inaleta swali jipya: mtumishi anawaona wagonjwa wakilipa kila siku, na asipoambiwa fedha zimefanya nini, atajitengenezea jibu lake. Nawasihi ninyi mlio katika kamati, kila mnapokaa, kabla ya kuuliza habari za mabati na rangi, ulizeni maswali matatu: Watumishi waliambiwa nini mwezi huu? Waliripoti nini? Na nani alirudi kuwajibu? Majibu na yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na mkutano ufuatao yasomwe.

Jambo la pili, tusiwe wachukuzi wa uvumi. Tukisikia sokoni ya kuwa muuguzi fulani ameiba dawa, tusilipeleke neno hilo kanisani, msikitini na harusini kabla ya kuuliza. Zahanati yenye muuguzi mmoja huvunjwa na ulimi kwa siku moja, na kumpata mwingine wa kuja kukaa mbali na mji yaweza kuchukua miaka.

Jambo la tatu, chama chetu kina desturi njema ya kuwatembelea wagonjwa wakati wa sikukuu. Napendekeza, Bwana Mwenyekiti, ya kuwa tunapokwenda tuombe pia nusu saa na watumishi, wakubwa wao wakiwapo, tuwasikilize bila kuwakatiza. Tusiende na ahadi tusizoweza kuzitimiza. Tuwaambie siku tutakayorudi, na siku hiyo turudi.

Yule muuguzi kijana wa kisa changu hakuacha kazi. Alikuja kuwa Sista wa wadi yake mwenyewe. Nilipomtembelea mara ya mwisho niliona daftari limefungwa kwa kamba mezani, na ndani yake safu tatu: jambo, aliyelisema, na siku aliyojibiwa. Nilimwuliza kama watumishi wake humwandikia mengi. Akacheka akasema, "Mengi mno, dada. Yananichosha. Lakini siku nitakapoliona tupu, siku hiyo nitaogopa."